Caress of Steel: anza na kibao cha tatu

Mara ya kwanza kuisikiliza Caress of Steel ya Rush niliizima kabla upande wa kwanza haujakwisha. Wiki nzima nilikuwa naisikiliza 2112, albamu yao nyingine, asubuhi na jioni, nikautaka moto uleule. Badala yake nikakutana na sauti nzito ya msimulizi, inaburuzika kama redio kaseti iliyoishiwa betri. Nikairudisha santuri kwa rafiki aliyeniazima, nikamwambia hapa hawa jamaa waliteleza. Ilipita miaka kabla sijairudia, na leo nikiulizwa ni albamu gani ya Rush iliyodharauliwa isivyostahili, naitaja hii bila kusita.

Kwa asiyewajua: Rush hii ilikuwa bendi ya roki ya watu watatu kutoka Kanada. Geddy Lee aliimba na kupiga besi, Alex Lifeson alikuwa kwenye gitaa, na marehemu Neil Peart kwenye dramu, ambaye ndiye pia aliyetunga mashairi mengi. Walitoa Fly by Night mwanzoni mwa 1975, na Septemba mwaka huohuo wakatoa hii, waliyoirekodi Toronto na mtayarishaji Terry Brown. Ina vibao 5 tu, na viwili vya mwisho peke yake vinakula zaidi ya dakika 32. Haikuuza. Ziara iliyofuata kumbi zilikuwa ndogo, wenyewe wakaibandika jina la utani lenye maana kwamba mambo yanakwenda arijojo, na kampuni ya santuri ikawataka warudi kwenye nyimbo fupi. Hata jalada halikuwaendea sawa: lilikusudiwa kuwa la rangi ya fedha, likatoka na rangi ya shaba.

Mashabiki wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema "Bastille Day" ndiyo inayoibeba albamu yote na kwamba kingine kilichobaki ni kutangatanga. Wengine wanaapa kwa "The Necromancer". Karibu wote wanakubaliana kwamba "I Think I'm Going Bald" ndiyo dhaifu kuliko zote, na mimi nakubaliana nao. Kosa letu wengi, naliona sasa, ni mlango tuliopitia. Tunaingia na "Bastille Day" iliyojaa ghadhabu ya Mapinduzi ya Ufaransa, masikio yanapata joto, kisha mwendo unabadilika na tunajiona tumedanganywa.

Kwa hiyo ushauri wangu: anza na kibao cha tatu, "Lakeside Park". Ni cha dakika 4 hivi, kipole, kinahusu bustani halisi iliyo kando ya Ziwa Ontario huko Port Dalhousie, St. Catharines, ambako Peart alifanya kazi ujanani. Humo mna fataki za Mei 24, sikukuu ya huko Kanada, na usiku wa ufukweni, na kijana anayejua kwamba siku zile hazirudi. Geddy Lee amewahi kusema wazi kwamba hakipendi. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kinakuonyesha moyo wa albamu hii ulipo, yaani kwenye safari ya mtu na umri wake, na ukishaushika moyo huo hutapotea mbele.

Kisha geuza santuri, uruke "The Necromancer" kwanza, uende moja kwa moja kwenye "The Fountain of Lamneth". Dakika 20, sehemu 6, upande mzima. Tafuta jioni ambayo hakuna atakayekuita. Aliyekulia kwenye taarabu ya zamani, au anayejua kulisubiri sebene la Kikongo, tayari ana sikio la kazi hii. Dakika 20 zisimtishe. Shika mashairi mkononi. Ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa, akiitafuta chemchemi. Sehemu ya pili, "Didacts and Narpets", wengi huiona kelele za dramu na makelele ya watu. Lakini hilo neno la pili ni herufi za "parents", yaani wazazi, zilizochanganywa, na la kwanza ni walimu. Ni kijana anabishana na wakubwa wake, na dramu za Peart ndizo ugomvi wenyewe. Nilipolielewa hilo, sikuiruka tena.

Halafu sehemu ya tatu, "No One at the Bridge", nahodha aliyeachwa peke yake na mabaharia wake baharini. Gitaa la Lifeson pale linalia kwa namna ambayo hata 2112 haina. Nalisema hili nikijua nitapingwa.

"The Necromancer" iache kwa siku nyingine. Wale wasafiri watatu kutoka Willowdale ni wao wenyewe Rush, maana Willowdale ni kitongoji cha Toronto walikokulia Lee na Lifeson, na mchawi wao ana giza zuri. Vumilia tu msimulizi. Gitaa la katikati linalipa.

Jambo moja zaidi kabla hujaiweka. Sehemu ya sita ya "The Fountain of Lamneth" inapofika ukingoni, ngurumo inaondoka na gitaa la taratibu uliloanza nalo linarudi, na sauti ni ileile ya mtu aliyefungua macho dakika 20 zilizopita, ila sasa ni mzee. Usinyanyue sindano hapo. Iache mpaka santuri iishe yenyewe.