Kutega panya wa porini kiangazi: fikiria baridi kwanza

Vijana wanaoanza kazi ya porini, ya kutafiti wanyama wadogo, huniuliza chambo gani kinafaa. Chambo si kazi: karanga za kusaga na unga wa mahindi, na dagaa kidogo kwa walao wadudu. La kuumiza kichwa ni jinsi mnyama atakavyokesha humo ndani akiwa hai.

Lubumbashi mwezi wa Juni na Julai jua huwaka mchana na usiku baridi inauma. Mtego wa Sherman ni sanduku la aluminiamu la kukunja, halizuii baridi hata kidogo. Panya wa gramu 30 asiye na kitu cha kujifunika, asubuhi utakuta maiti. Tia bonge la pamba kavu nyuma ya mtego, ndipo utie chambo. Pitia mitego kunapopambazuka, maana jua likipanda sanduku linageuka tanuri. Kisha ifunge mpaka jioni, isipokuwa unawatafuta panya wenye mistari mgongoni, ambao hutembea mchana.

Kirukanjia ana shida zake. Hula kila mara, na usiku mmoja wa njaa humwua hata akiwa na pamba. Yeye mtegee ndoo zilizofukiwa mdomo ukiwa sawa na ardhi, uzitoboe chini, na ukuta mfupi wa plastiki umwelekeze. Ila Agosti jembe linadunda tu! Beba sururu, au chimba kabla mvua hazijakatika, uzifunike ndoo mpaka siku ya kazi.

Moto wa nyasi ukishapita, usihangaike na majivu matupu. Tega kwenye vile vichuguu vikubwa, ambavyo vichaka vyake mara nyingi huponea moto. Na umwone chifu mapema, pamoja na papa mwenye shamba. Aluminiamu huyeyushwa ikawa sufuria, na mtego unaong'aa njiani hauna mwenyewe.

Kumtoa panya, mmwage kwenye mfuko wa kitambaa, ukiwa na glavu. Usimvute mkia, wengine ngozi huchunika. Jike la *Mastomys natalensis*, yule panya wa kawaida wa mashambani, utalijua kwa chuchu, hufika jozi 12. Pima uzito, mwili, mkia, sikio na wayo wa nyuma. Huo wa mwisho uandike umepimwa na kucha au bila kucha, maana watu wa makumbusho watakuuliza.