Boga la sukari limekuwa uji: magadi hayashiki nafasi ya chokaa

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Chicago. Kila Novemba jirani yangu Mmeksiko huniletea calabaza en tacha, lile boga la sukari wanalopika kwa ajili ya kuwakumbuka marehemu wao. Nimelipika mara mbili, likawa uji. Video moja ilisema niliroweke kwenye maji ya chokaa, na nikikosa chokaa, magadi ni yaleyale. Nikatia magadi, likaharibika zaidi. Mume wangu ana mfuko wa chokaa ya ujenzi stoo. Nitumie hiyo?

Jibu: Nzuri, dada yangu. Hiyo ya stoo usiiguse, nitaifikia. Kwanza magadi, maana kila mwaka naletewa boga lililovurugika kwa sababu hiihii.

Anayefundisha kwamba magadi na chokaa ni kitu kimoja amegusa maji yake, akaona yote yanateleza vidoleni kama ya sabuni, akaishia hapo. Kwani nyumbani magadi tunayatia kwenye nini? Kwenye maharage na mboga ngumu, vilainike upesi! Magadi huvunja pektini, ule ulimbo unaolishikilia boga. Chokaa nayo ni kali vilevile, lakini ina kalsiamu, na kalsiamu huzifunga nyuzi za pektini zisiachane ovyo kwenye moto. Kwa hiyo ulililainisha boga kabla halijaingia jikoni. Kosa ni la aliyekufundisha jambo ambalo hakulijaribu. Wapo hata wanaokamulia ndimu, kwa kuwa Kiingereza kinaziita ndimu na chokaa kwa neno moja.

Inayotakiwa ni chokaa ya chakula. Wameksiko huiita cal, na ndiyo wanayochemshia mahindi ya tortilla, chapati zao. Itafute kwenye maduka yao hapo Chicago, pakiti iwe imeandikwa kwamba ni ya chakula. Boga la kilo 2 litake kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 3 za maji. Vaa glavu. Kata vipande vikubwa, ganda liache, viloweke saa 2 kwenye beseni la plastiki. Sufuria ya alumini hapana, chokaa huila. Kisha suuza, mwaga, suuza tena, mpaka kipande kisiteleze mkononi.

Usilichemshe boga kwa maji matupu ndipo utie sukari. Sukari ndani ya maji huchelewesha boga kulainika, kwa hiyo itangulie: piloncillo kilo moja, ambayo ni ndugu wa sukari guru yetu, vikombe vitatu vya maji, mdalasini, karafuu chache, ganda la chungwa. Panga vipande, ganda chini, funika, moto mdogo, kama saa moja na nusu. Usikoroge, chota shira umwagie juu. Lilale humo usiku kucha. Kipande kilichokubali kina ngozi nyembamba nje, kama ya tende, na kijiko kikiipasua, ndani ni laini, kahawia mpaka katikati.

Sasa mfuko wa stoo. Watu huniambia, chokaa ni chokaa, mbona walaji wa tambuu huitia mdomoni? Hata ya tambuu ikizidi huchoma mdomo. Ya ujenzi imetengenezwa kwa ajili ya ukuta, na hakuna aliyeipima kwa ajili ya tumbo lako kama ina madini mazito au uchafu mwingine. Ikiwa ni chokaa hai, yaani ambayo bado haijazimwa kwa maji, ikikutana na maji huchemka yenyewe. Tone likiruka jichoni linaweza kumpofusha mtu. Ukikosa ya chakula, pika bila chokaa kabisa. Wameksiko wengi hupika hivyo, boga likawa laini zaidi na bado likasimama, kwa kuwa moto ni mdogo na hawakorogi. Huo mfuko ubaki stoo, juu, mbali na watoto.