Mwanangu, ile picha ya gauni la kumetameta

Mwanangu,

Nimeiona meseji yako ya juzi na ile picha uliyoitoa kwa albamu ya shangazi yako, mimi na babako tumesimama mbele ya maua, gauni langu linang'aa, yeye na suti nyeupe, nyuma yetu taa za rangi. Umeuliza "mama mlikua mnaishi kama mastaa hivi, mbona mliacha?" alafu chini yake, kama kitu kidogo tu, ukaandika ati wewe na mwenzako mmepewa kontrakti ya miezi sita ya kuimba kwa hoteli yenye kasino huko Nairobi na mnasaini Ijumaa. Nilitaka kukurekodia sauti lakini babako alikua amekaa hapa karibu, kila sentensi anaingilia, ndio nikaona heri niandike.

Tuanze na hiyo picha. Ilipigwa saa kumi na moja jioni wageni wakiwa bado kwa maji, manake usiku haturuhusiwi kusimama hapo. Zile taa ni za Krismasi na picha ni ya mwezi wa tatu, hakuna aliyekumbuka kuzitoa. Alafu tazama mkono wangu wa kushoto, uko nyuma ya mgongo, si pozi hilo, nimeshikilia zipu. Ile zipu ilikufa 1994 na mpaka tunaacha kazi nilikua nafungwa na pini nne. Gauni lilikua moja. Suti ya babako pia moja, ikifuliwa alfajiri na kuanikwa mbele ya feni, kola ikageuka rangi ya chai nikawa naipaka chaki nyeupe niliyoombewa kwa nasari ya jirani. Akitoka jasho chaki inashuka shingoni. Wageni sijui walidhani ni poda.

Hoteli yenyewe ilikua Malindi, jina sikuandikii, wengine waliokua wakubwa pale bado wako hai na tunakutana sokoni. Malindi unaijua, ni mji wa Waitaliano tangu walipokuja na mambo yao ya roketi pale Ngomeni miaka ya 60, wakarusha setilaiti kutoka baharini, wengine wakapenda upepo wakabaki, wakaita ndugu zao, wakajenga. Kwa hivo ukitaka kuimba Malindi lazima uimbe Kitaliano. Mimi nimetoka kwaya ya kanisa, najua alto na Kigiriama changu, babako ametoka Voi na kibodi ya mkopo, Kitaliano tutatoa wapi? Tukanunua kaseti, tukawa tunasikiliza na kuandika kwa daftari vile masikio yanavyosema, kuore, amore, mare, ukurasa mzima bila kuelewa hata neno. Siku moja mama mmoja mzee akaniita kwa meza yake akaniambia polepole kwa Kiingereza kwamba ubeti wa pili ninaoulilia kila usiku hauna maana yoyote. Miaka miwili nimeulilia. Alafu kila usiku lazima ule wimbo wa hakuna matata wa Them Mushrooms, wa 1982, hata mara tatu kwa usiku, manake kila meza inaona ni yenyewe ya kwanza kuuomba. Wimbo ni mzuri na vijana wa pwani wenzetu ndio walioutoa, lakini ukiuimba mara tatu kwa usiku kwa miaka minne hata matata unaanza kuyatamani.

Sasa nyuma ya jukwaa. Chumba cha kuvalia hakikuepo, tulipewa stoo ya kreti za soda na viti vilivyovunjika miguu, kioo ni kipande tu tumekiegemeza kwa kreti, ukitaka kuona uso unachuchumaa, ukitaka kuona gauni unapanda juu ya kreti. Choo cha wageni marufuku, cha wafanyakazi kiko huko karibu na jenereta. Kutoka stoo mpaka jukwaani unapita jikoni, sakafu ni mafuta na maji ya samaki, kwa hivo navaa slipas mpaka mlango wa mwisho, hapo navua navaa viatu virefu, slipas namwachia kijana wa kuosha sufuria anitunzie. Usiku mmoja nimechelewa, nimekimbia, nimeingia naimba kabisa, naona babako ananikonyeza anaangalia chini, kumbe niko na slipas za buluu na gauni la kumetameta. Nikaendelea tu ningefanyaje.

Chakula sasa. Kantini inafungwa saa mbili na sisi tunaanza saa tatu, lakini saa mbili ndio tunapanga spika na nyaya, kwa hivo tunaachiwa wali na maharagwe kwa sahani iliyofunikwa na sahani, tunaila saa saba usiku imeganda. Na hapo mbele yetu kuna bafe, kamba, nyama za kuchoma, keki, inarudishwa jikoni nusu haijaguswa, na kuna askari anahesabu isichukuliwe na mfanyakazi. Yaani unaimba mapenzi huku macho yako yako kwa paja la kuku.

Raundi zilikua tatu, dakika arobaini na tano kila moja. Ya kwanza kwa bafe kando ya swimming puli, ya pili baa, ya tatu ndani ya kasino mpaka saa saba. Hiyo ya tatu ndio wewe unaiulizia bila kujua, kwa hivo nisikilize vizuri. Kule ndani hakuna dirisha, hakuna saa ukutani, na hiyo si bahati mbaya, mtu hatakiwi kujua kumekucha. Hakuna aliyekuja kukuskiza. Wewe uko pale ili kusiwe kimya, manake kukiwa kimya mchezaji anasikia pesa yake ikienda. Meza ya ruleti, ule mchezo wa gurudumu, ikipata mtu wa kuweka chipsi nyingi, vile vibao vya kuchezea badala ya pesa, sizungumzii viazi, meneja anakuonyesha kiganja kinashuka chini, punguza, unapunguza, anashusha tena, unapunguza mpaka unanong'ona, na bado utabasamu. Usiku mwingi tumeimbia migongo. Kuna siku niko juu kabisa ya wimbo, pale pa kuvuta pumzi, mashini moja ya kona ikaanza kumwaga sarafu, ting ting ting, chumba kizima kikakimbilia kule kushangilia, tukabaki mimi, babako na weita mmoja ameshika trei. Tulimaliza wimbo. Weita akashindwa kupiga makofi kwa sababu ya trei.

Na ile sheria ya kukataza sigara ndani haikua bado, ilikuja 2007. Unatoka nje kwa joto la Malindi umelowa, unaingia kwa eyasii ya kasino kama friji, na moshi umetanda mpaka taa zinaonekana za kijani. Sauti inakufa saa hiyo hiyo. Nilikua nabeba tangawizi na ndimu kwa chupa ya dawa ya kikohozi, mgeni mmoja akaripoti ati mwimbaji anakunywa pombe jukwaani, nikaitwa ofisini nikaonjesha meneja.

Kibodi ya babako ilikua ya kutumia diski zile bapa, midundo yote iko huko, na hewa ya chumvi inakula kila kitu, kwa hivo diski zinalala ndani ya mkebe wa Kimbo na mchele wa kunyonya unyevu. Stima ikipotea, na ilikua inapotea, mpaka jenereta ishike kibodi imeshasahau kila kitu, lazima uanze kuipakia upya, na hapo katikati ni mimi na makofi na giza. Kwaya ilinisaidia hapo. Nisikudanganye, hizo dakika za giza ndizo nilizozipenda kuliko zote, watu wananyamaza kweli, na jikoni wale wapishi wanajua nyimbo zetu zote, wanaanza kugonga sufuria huko nyuma. Yule kijana wangu wa kuosha sufuria, wa slipas, alikua na besi ya ajabu. Stima ikirudi kila mtu anarudi kwa sahani yake.

Pesa. Shilingi 800 kwa usiku, ya watu wawili, na aliyetutafutia kazi anatoa yake hapo kabla hatujaiona, na inalipwa mwisho wa mwezi ambao saa zingine unaisha tarehe kumi na tano ya mwezi mwingine. Bakshishi ilikua lira. Mara ya kwanza tumepewa noti ya lira elfu kumi babako hakulala, alishanunua shamba kichwani, asubuhi benki wakampa mia tatu na kitu. Alafu basi la wafanyakazi linaondoka saa tano na nusu na sisi tunamaliza saa saba. Teksi inakula robo ya mshahara wa usiku. Kwa hivo tulikua tunalala juu ya viti kwa ile stoo mpaka matatu ya kwanza ya alfajiri, suti na gauni zimetundikwa kwa msumari, sisi tumejifunika leso moja.

Na wewe pia umepanda lile jukwaa, hiyo hatujawahi kukwambia. Miezi saba niliimba na wewe tumboni, fundi akifungua gauni pembeni na kuongeza kitambaa ambacho hakikung'aa sawasawa. Ulipozaliwa 1996 nilipewa wiki sita bila malipo na nikarudi. Dada wa kukulea alikua anakuleta kupitia geti la nyuma, unanyonya kwa ile stoo katikati ya raundi ya kwanza na ya pili, dakika ishirini, mimi nimekaa juu ya kreti na pini zote zimefunguliwa, babako amesimama mlangoni kama askari. Usiku mmoja geti lilikataa kumfungulia dada. Raundi ya pili ikaanza, nikasikia mtoto analia huko nje, sijui kama ulikua wewe au paka, lakini maziwa hayangoji ujue, yalishuka mbele ya gauni lote na mimi niko kwa mwanga. Nilichukua maikrofoni na daftari la maneno nikaliweka kifuani, nikaimba wimbo mzima hivo. Babako aliongeza sauti ya kibodi ili nisisikie kilio. Alidhani ananisaidia. Hatukusemeshana siku tatu, na siku zote tatu, saa tatu usiku, tuliangaliana machoni tukaimbiana mapenzi kwa Kitaliano.

Hilo ndilo gumu la kuimba wawili, si sauti. Mmegombana juu ya kodi ya nyumba saa mbili, saa tatu anakushika kiuno mbele ya watu. Mgeni amekuchomekea noti kwenye gauni na meneja anasema tabasamu, mwenzako ameona, vidole vyake viko kwa kibodi, hawezi kufanya kitu, na usiku huo kwenye stoo anakukasirikia wewe. Wewe na mwenzako si mume na mke, afadhali, lakini bado muulizane kabla, ikitokea hivo nani anaacha kuimba. Sisi hatukuwahi kuulizana.

Mbona tuliacha? Ungependa nikwambie niliweka maikrofoni chini nikasema basi. Hapana. Mwezi wa nane 1997 kulitokea vita vya Likoni, kule Mombasa, Malindi ni mbali na huko kama kilomita 120 lakini mtu aliye Ulaya akisoma "pwani ya Kenya" hajui umbali huo, wageni wakafuta safari, wiki mbili hoteli ikabaki na meza sita. Tukaja kazini jioni na gauni kwa mfuko, askari wa geti akatoa karatasi akaanza kusoma majina ya wanaoruhusiwa kuingia. Yetu hayakuepo. Hata hakuna aliyetuita ofisini. Mshahara wa mwezi wa saba hatujalipwa mpaka leo. Baadae ikanyesha ile mvua ya El Niño na hakuna aliyekumbuka muziki, babako akaanza kutengeneza redio, mimi nikaenda kuulizia kazi pale pale nasari nilipokua naombewa chaki. Bibi yako alifurahi mno, miaka yote alikua anawaambia majirani tunaimba "hotelini", neno kasino halikutoka mdomoni mwake.

Sasa hiyo kontrakti. Mimi sikukatazi, nisingekua na haki. Lakini mimi nilisaini bila kuuliza hata kitu kimoja kwa sababu niliona aibu, nikadhani msanii haulizi mambo ya basi. Uliza. Mkimaliza usiku mnarudi nyumbani na nini na nani analipa, iandikwe. Mtavalia wapi, na huo mlango uwe na kufuli kwa ndani. Mnakula saa ngapi. Stima ikichoma kifaa chenu ni cha nani. Wakiwafukuza ni notisi ya siku ngapi, na isomwe na mtu wa ofisi sio askari. Na malipo yawe ya wiki. Wakikucheka kwa maswali hayo basi ushajua stoo yenu itakua namna gani. Na raundi ya kasino, kama mnaweza, iwe fupi na iwe ya kwanza sio ya mwisho.

Gauni liko kwa sanduku la chini, bado linamwaga shanga, usilifue kwa mashini. Babako anasema kibodi inawaka lakini fa ya katikati haitoi sauti, na haiuzwi. Nitumie picha za kila ukurasa wa hiyo karatasi, sio wa kwanza tu, alafu nipigie Alhamisi usiku baada ya saa tatu nikishamaliza kusahihisha vitabu vya watoto.

Mamako