Kabla ya Kukodi Kosta, Uliza Mwezi Uko Wapi

Safari yangu ya kwanza ya kuwatembeza wanafunzi ilikuwa aibu tupu. Watoto 84, Kosta mbili za kukodi, walimu watatu na kreti za soda, tunakwenda Kunduchi, pwani ya Dar, kuona mikoko. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo ikatushika. Tukafika karibu na saa saba, jua la utosi, bahari imejaa mpaka mashina ya mikoko yamezama. Tope halionekani, kaa hakuna hata mmoja. Nikahutubia dakika arobaini kuhusu umuhimu wa mazingira, watoto wa nyuma wakirushiana vizibo vya soda. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu pembeni alinisubiri nimalize, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, siku nyingine kabla hujatoka nyumbani, uliza mwezi uko wapi."

Nilikuwa nimeishi Dar miaka yote hiyo, na bahari naiona kila nikipita daraja la Selander, lakini habari ya maji kupwa na kujaa kwangu ilikuwa ya wavuvi. Mzee yule ndiye aliyenipa darasa. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni siku za bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni siku za maji mafu, bahari haiendi mbali. Kwa pwani yetu hii bamvua ina bahati yake, maana maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Kwa hiyo chagua siku ya kwanza au ya pili baada ya mwezi mpevu, ondokeni shuleni saa kumi na mbili na nusu, saa mbili na nusu mko kwenye mikoko mkiyafuata maji yanavyorudi. Bahari ikianza kupanda, ninyi mko njiani kurudi.

Mara ya pili nilikwenda na watoto 20. Mkuu wa shule alilalamika: hao wengine je? Nikamwambia watakwenda mwezi ujao, bamvua haiishi. Kundi dogo halina aibu yoyote. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipoanzisha Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, hapa hapa Dar mwaka 1991, alianza na wanafunzi 12. Mimi siku hizi sizidishi 24, na kila watoto wanane wana mtu mzima mmoja anayewajua kwa majina.

Siku hiyo sikuhutubia. Kila mtoto nilimpa kamba ya katani ya mita moja, afunge ncha zake, aitandaze kwenye tope iwe duara, achuchumae aangalie ndani ya duara lake dakika kumi bila kuongea. Dakika mbili za mwanzo ni mateso, wanachekana. Baadaye kaa wanaanza kutoka kwenye mashimo, kwa sababu kaa akiona mmetulia anawasahau. Ni wale wadogo wa rangi rangi, dume ana gando moja kubwa analolipunga kama anaita daladala, na jingine dogo la kulia chakula.

Msichana mmoja wa darasa la tano, ambaye darasani husikii sauti yake, akapiga kelele: "Mwalimu, huyu ana mashoto kama mimi!" Kweli, gando kubwa lilikuwa la kushoto. Wa jirani yake alikuwa wa kulia. Basi pale kimya chote kikaisha, kila mtu anahesabu. Tulipojumlisha tulipata 31 wa kulia na 28 wa kushoto. Halafu kijana mmoja akasema wa kwake wengine wamevunjika, hawana gando kubwa kabisa. Nilitaka kumjibu, nikajizuia. Walibishana mpaka mmoja akauliza, "Au ndiyo majike?" Ndiyo majike. Ningelisema hilo mwanzoni, lingekuwa mstari mmoja kwenye daftari.

Hapo ndipo penye kazi ngumu ya anayeongoza, kufunga mdomo. Sisi walimu tunaona kimya kama uzembe. Ukiwa na mwenyeji wa kuwaongoza, kaa naye mapema umwombe asitaje jina la mti kabla watoto hawajaushika. Yule mzee wa nyavu, ambaye sasa ndiye mwongozaji wetu na analipwa kama mtu yeyote wa kazi, anafanya hivi vizuri kuliko mimi. Anachuma jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, na kusema, "Lambeni." Wanalamba: chumvi! Ndipo anauliza mti umeitoa wapi, na ameshika kiuno kama hajui. Watoto wenyewe wanafika kwenye jibu kwamba mchu unakunywa maji ya bahari na kutolea chumvi kwenye majani. Jani moja tu kila mtoto, msije mkaufanya mti kipara.

Kama shule haina nauli, anzeni uwanjani. Kunguru wapo. Mwambie mtoto achore kunguru bila kuangalia, halafu aangalie. Wengi wanachora mweusi mtupu. Hawa wetu wana shingo ya kijivu, na si wenyeji: waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea mpaka huku bara. Kunguru wa asili amevaa kama shati jeupe kifuani, na kumwona Dar sasa ni bahati. Niliwaambia atakayemwona aje kunieleza wapi na saa ngapi. Nimeshaletewa njiwa watatu na bata mmoja.

Pugu nako kuzuri, msitu wa asili kabisa pale Kisarawe, lakini nawapeleka wa darasa la sita na la saba tu. Ukitaja popo wa mapangoni, watoto wanasikia popobawa, lile jini, na utatumia nusu saa kutuliza watu. Jambo la kuogopa Pugu ni upupu wakati wa kiangazi. Mwongozaji atangulie, na suruali ziwe ndefu. Mtoto wetu mmoja aliupitia, tukamtoa vinyweleo kwa selotepu, tunabandika na kubandua, huku kila mpita njia akituletea dawa yake, majivu, mchanga, mwingine mate. Selotepu sasa haitoki kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Ruhusa usiipuuze. Mikoko na Pugu vyote viko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, andika barua wiki mbili kabla, na ofisi ya serikali ya mtaa nayo ijue mnakuja. Ulizia choo kwa jina na mahali, usikubali "kipo kipo". Maji ya kunywa, angalau lita moja na nusu kwa mtoto. Viatu ni raba kuukuu zenye kamba. Yeboyebo zinabaki kwenye tope, na mizizi ya mchu imechomoza kama penseli zilizochongwa, peku haiwezekani.

Na sare. Mwaka jana mama mmoja alinifuata ofisini na shati la mwanawe kwenye mfuko. Akalikunjua juu ya meza yangu. "Mwalimu, shikamoo. Nimelifua mara tatu. Naomba uninusie." Tangu hapo barua ya wazazi ina mstari unaosema mtoto aje na nguo za kushindia, na chini yake mwingine: atarudi ananuka.