Meno na magonjwa ya kurithi ya vimeng'enya: maswali ya Tabora na Kigoma

SWALI (Sikonge): Mjukuu wangu wa miaka 4 hastahimili fruktosi (sukari ya matunda na asali) tangu kuzaliwa. Ana vidonda mdomoni. Nimpake asali kidogo?

JIBU: Hapana, bibi, hata ya ncha ya kidole. Asali ya miombo, iwe safi namna gani, zaidi ya theluthi yake ni fruktosi, na kimeng'enya cha kuivunja hakifanyi kazi kwenye ini lake. Atatapika, atatoka jasho, sukari ya damu itashuka. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, kisha ateme. Geuza na tyubu ya dawa ya meno usome maandishi madogo ya nyuma: ukikuta sorbitol, kitu cha kutia utamu, tafuta nyingine, maana ini huigeuza kuwa fruktosi hiyohiyo. Sirapu nyingi za dawa nazo zinayo.

SWALI (Urambo): Binti yetu wa miaka 6 ana ugonjwa wa glikojeni aina ya kwanza. Hunywa wanga mbichi wa mahindi kila saa 4, hata usiku. Gego limetoboka, na tumeambiwa aende kung'olewa bila kula tangu jioni.

JIBU: Asikae na njaa, mama! Hilo tunalihofia kuliko jino lenyewe. Ini lake limejaa akiba ya sukari (ndiyo glikojeni) lakini haliwezi kuitoa, hivyo akikosa wanga kwa saa chache anaweza kupata degedege. Ganzi ya sindano haihitaji kufunga: anywe wanga kwa saa zake, awe wa kwanza asubuhi. Ikilazimu dawa ya usingizi, afunge akiwa tayari amelazwa, dripu ya glukosi 10% ikitembea. Waambie hospitali ya Kitete mapema, kabla ya siku yenyewe.

Sema pia kwamba damu yake huweza kuchelewa kukata, kwa kuwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, hazishikani vizuri. Apimwe kabla, baada ya kung'olewa ang'ate gozi dakika 30. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, si aspirini wala dawa za jamii ya diklofenaki.

Usiku, wanga ukorogwe kwa maji baridi. Ya moto huuivisha, ukaisha mwilini upesi. Akishakunywa, ashushie maji matupu, nawe pitisha kitambaa chenye unyevu juu ya magego. Mate hupungua usingizini, na wanga ulionasa pale hugeuka sukari ya kulishia vijidudu.

Vidonda vya mdomoni vikiambatana na homa, hospitali siku hiyohiyo: wengine wenye ugonjwa huu wana upungufu wa chembe nyeupe.

SWALI (Uvinza): Nina upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Nikienda kung'oa jino, nikatae dawa gani?

JIBU: Kataa ganzi ya prilokaini; lidokaini ndiyo hutumika kwa kawaida. Parasetamoli na amoksilini kwa dozi ya kawaida hazina shida, ila septrini usijinunulie. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi siku 1 hadi 3 baadaye, chembe nyekundu zinavunjika: wahi hospitali ya Maweni au kituo kilicho karibu.