Jibu: Mavi ya punda mbele ya mlango wangu, Lamu

Pole dada. Umesema kila asubuhi unakuta mavi ya punda chini ya baraza lako huko Langoni, mwenye punda humjui, na mwanao hupita hapo peku.

Kwanza, usiyamwagie maji. Mimi nilijaribu: yakawa uji, yakateremka na mtaro hadi mlangoni kwa jirani, akaninunia wiki nzima. Yanyunyizie jivu, yazoe kwa chepe na karai, halafu sugua kwa ufagio wa chelewa. Fanya kila siku, maana kwenye joto letu yai la nzi huwa nzi kamili ndani ya siku kumi hivi.

Usiyatupe baharini, ni mbolea hiyo. Yarundike, yafunike miezi mitatu au zaidi. Mabichi huunguza miche na kuotesha magugu.

Tazama pia nani anamwaga maganda ya maembe kichochoroni. Punda hurudi panapoliwa! Mwenyewe utampata ukikaa barazani alfajiri na kahawa yako. Zungumza naye taratibu, umwombe amfunge usiku. Akikaidi, nenda kwa mzee wa mtaa, kisha afisa wa afya wa kaunti.

La mtoto ndilo linalonitia wasiwasi. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye mavi hayo na kwenye udongo. Mvalishe viatu. Akichomwa na msumari au kujikata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo na kadi yake ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.