Monita inasema presha nzuri, goti linasema nini?

Niko ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, mwaka wa 9 sasa, na kuna maneno mawili niliwahi kuandika kwenye chati ya mgonjwa ambayo mpaka leo yananisumbua: "anaendelea vizuri". Alikuwa mama mmoja wa makamo, utumbo umetoboka kwa taifodi, tumbo zima usaha, wameshamfungua wakamsafisha wakatuletea usiku. Noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, inaingia kwa pampu, monita inasoma 112 kwa 68, mimi nikaona hapa kazi imeisha, nikaandika nikahamia kitanda kingine.

Asubuhi wakati wa kutoa ripoti inchaji wetu, muuguzi mkuu wa wodi, hata hakuitazama monita, akafunua shuka akaweka mkono juu ya goti. "Mdogo wangu, hili goti umelishika saa ngapi?" Sikuwa nimelishika kabisa. Lilikuwa la baridi balaa, na mfuko wa mkojo tangu saa 9 usiku haujaongezeka kitu.

Halafu akataka kidole. Sasa yule mama alikuwa katoka kwenye harusi ya mpwa wake, kapakwa piko mpaka kucha nyeusi tii, hata ile klipu ya oksijeni ya kidoleni usiku kucha ilikuwa inatoa namba za ajabu nikawa nailaumu mashine. Inchaji akaachana na kucha, akabonyeza nyama ya ncha ya kidole upande wa ndani ikapauka, akashikilia sekunde 10 kwa saa yake ya kifuani, akaachia. Tukasubiri rangi irudi. Ilirudi sekunde ya 6. Kwa mtu mzima ikizidi 3 hapo una shida.

Niwaeleze inavyokuwa maana mimi mwenyewe darasani ilinipita hivi hivi. Presha inapimwa kwenye mishipa mikubwa, lakini oksijeni inashushwa kwenye vimishipa vidogo kabisa, kapilari, ambavyo vingine ni vyembamba kiasi kwamba seli nyekundu inabidi ijikunje ndiyo ipite. Mwili ukishambuliwa na sepsisi, yaani maambukizi yakiuvuruga mwili mzima, kuta za vile vimishipa zinavimba na kuvuja, seli nyeupe zinanata, vinaganda vidonge vidogo vya damu, seli nyekundu zenyewe zinakuwa ngumu hazijikunji. Kwa hiyo kapilari hii imeziba, ya jirani yake damu inapita mbio haishushi kitu. Ni kama boza la maji limepaki barabara kuu, limejaa kabisa, lakini uchochoroni ndani ndoo zote tupu. Ukiuliza pale barabarani utaambiwa maji yapo!

Na msidhani kubonyeza kidole ni mambo ya hospitali zisizo na vifaa. 2019 ulitoka utafiti wa nchi 5 za Amerika ya Kusini, wagonjwa 424 wenye sepsisi iliyoangusha mzunguko wa damu, nusu wakatibiwa kwa kufuata kidole, nusu kwa kufuata kipimo cha maabara cha lakteti, kitu kinachopanda kwenye damu seli zikikosa oksijeni. Ndani ya siku 28 wa kidole walikufa karibu 35 kwa 100, wa lakteti 43. Kitakwimu tofauti haikutosha kusema kidole kimeshinda, sawa, ila kushindwa hakijashindwa, na hakiishiwi vitendanishi, zile kemikali za maabara, wikiendi.

Ila angalia mazingira. AC ikiwa imefunguliwa kama ya basi la mkoani mkono wa mtu yeyote utakuwa baridi, na taa ikiwa hafifu utahesabu uongo. Kwenye ngozi zetu nyeusi yale madoadoa ya gotini yanayochorwa kwenye vitabu kama dalili ya damu kutofika huwa hayaonekani vizuri, kwa hiyo tumia kiganja chako, anzia paja shuka mpaka mguuni uone joto linakatikia wapi. Rudia kila saa uandike namba, siyo "baridi kiasi".

Ndugu nao huwa wananiuliza, "Sista, mbona hamumuongezei dripu?" Nawaelewa, kwetu dripu ndiyo matibabu. Lakini maji yakizidi yanavujia nje ya mishipa, mgonjwa anavimba, na oksijeni inakuwa na safari ndefu zaidi kufika kwenye seli. Ule utafiti wa watoto uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, hospitali ya Teule, Muheza, ukatoka 2011, watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbovu wa damu, ulishtua dunia: waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10 kwa 100, wasiomiminiwa 7. Kwa hiyo daktari akisema tusubiri kwanza siyo kwamba anabania.

Na jamani ile chupa ya maji ya moto mnayoingiza chini ya shuka kisirisiri, acheni. Mgonjwa yuko kwenye usingizi wa dawa, hawezi kusema inaunguza, ngozi yenyewe haina damu ya kutosha, nimeshaona malengelenge nikalia. Soksi sawa, tena tuambie. Rangi ya kucha tuacheni tuifute. Na vidole vikianza kuwa vyeusi nchani msikimbilie kusema kachezewa, ni vile vimishipa vimeziba, na dawa ya kupandisha presha nayo inavibana, tunajua tunachokibadilisha hapo.

Yule mama daktari alimrudia upya asubuhi ile ile, wakamrudisha kwa wapasuaji, kumbe kulikuwa na usaha mwingine umejificha chini ya ini. Siku ya 4 kidole kikasoma sekunde 2. Ncha za vidole viwili vya mguu zilikauka, hatukuziokoa. Alipotolewa mashine ya kupumulia, sauti imekwaruza, kitu cha kwanza aliniambia, "Mwanangu, hicho kidole changu unakibonyezabonyeza hivyo, piko yangu imekukosea nini?"